JAMAA WA TANGA, KASETI ZA WAZUNGU NA SEKUNDE 40 ZA BABA YAKE

Kuna jamaa mmoja, mzaliwa wa Tanga, anaendesha lori kubwa huko Marekani. Usiku kwenye vituo vya malori, madereva wenzake wa Afrika Mashariki wanasikiliza Bongo Fleva, wengine mahubiri, wengine wanabishana Simba na Yanga kwenye simu mpaka usingizi uwachukue. Yeye anafunga vioo anasikiliza wimbo. Wimbo mmoja. Unamgongea dakika ya 10, bado ni uleule. Unaenda kuoga, unarudi umejifuta, bado. Dakika ya 25 gitaa liko peke yake linahangaika kama mtu anayetafuta funguo gizani, na jamaa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole.

Washkaji wanamcheka. Mke wake ameshazoea, ila kuna siku alimwuliza, "Hivi hawa watu hawana mwenye ukumbi wa kuwazimia umeme?"

Bendi yenyewe inaitwa Grateful Dead. Ukitafsiri harakaharaka ni marehemu wenye shukrani. Mama yake alipoelezwa maana ya jina hilo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao si mashetani hao? Umesali leo?"

Si mashetani, mama. Ni wazee wa California walioanza mwaka 1965, wakapiga miaka 30, wakaachana na hiyo kazi mwaka 1995 baada ya mpiga gitaa wao, Jerry Garcia, kufariki. Ndani ya miaka hiyo walifanya shoo kama 2,300. Na hapo ndo stori inapoanzia, maana nyingi kati ya hizo shoo zilirekodiwa, na waliozirekodi wengi walikuwa mashabiki tu, si kampuni.

KASETI ZILIPOTOKEA

Jamaa alipopata leseni ya lori aliwekwa na dereva mzoefu ili afundishwe barabara. Wiki kadhaa, watu wawili, kibanda kimoja. Mzee wa Kizungu, ndevu nyeupe, mkimya. Redio ya lori haikuwa na sehemu ya kaseti, kwa hiyo mzee alikuwa amefunga redio kaseti ndogo kwa mpira pale mbele ya kioo. Kila asubuhi anachagua kaseti moja kwenye boksi, anasoma tarehe kwa sauti, anaiweka. Hasemi jina la albamu, anasema tarehe na mji. Kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni.

Siku ya kwanza jamaa aliona anateswa. Siku ya nne akauliza swali ambalo kila mtu anauliza: kwa nini wimbo uleule una kaseti kumi?

Mzee akamjibu kwamba si wimbo uleule. Jina ni hilohilo, mwanzo ni huohuo, lakini katikati hawa watu walikuwa hawajui wanaenda wapi. Wanaachiana. Gitaa likipinda kushoto, besi inaamua kufuata au kugoma, drams mbili zinasikilizia. Leo wimbo dakika 8, kesho dakika 30. Ndiyo maana shabiki wa kweli anataka shoo zote, maana kila usiku kilitokea kitu ambacho hakikuwahi kutokea kabla na hakitarudi.

Hapo jamaa akakaa vizuri kwenye kiti. Kitu hicho anakijua. Tanga, kwenye dansi, wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anatoa ujumbe wake, halafu kinafika kipande cha pili, chemko, magitaa yanaachiwa na hakuna anayeangalia saa. Baba yake alikuwa anapiga gitaa la solo kwenye bendi moja ya dansi. Mchana kibarua bandarini, usiku jukwaani.

Mzee alipostaafu alimkabidhi maboksi mawili. Kaseti zaidi ya 100, kila moja imeandikwa kwa mkono: tarehe, mji, ukumbi, seti ya kwanza, seti ya pili. Akampa na sharti moja tu. Asiuze hata moja. Mtu akitaka, anakopiwa bure.

Hiyo ni sheria ya zamani ya hao mashabiki. Ulikuwa unatuma kaseti tupu kwa posta na stempu ya kurudishia, mwenzio anakuwekea shoo, anakurudishia. Hakuna hela. Bendi yenyewe haikuwafukuza watu wenye maiki. Mwaka 1984 ikafika mahali ikawatengea eneo lao kabisa ukumbini na tiketi zao, wasimamishe maiki kwenye fimbo ndefu nyuma ya fundi mitambo. Fikiria msanii wa leo anakukaribisha urekodi shoo yake nzima na anakuonyesha pa kusimama.

Sasa, jamaa amesikiliza yote. Leo hizo shoo nyingi ziko hata mtandaoni, bando lako tu. Lakini zipo tano ambazo haziondoki kwenye lori. Hizi hapa, kuanzia ya tano.

5. PIRAMIDI, MISRI, SEPTEMBA 1978

Watu hawa walibeba vyombo mpaka Giza, wakapiga siku tatu, tarehe 14 mpaka 16, chini ya piramidi na lile sanamu la Sphinx. Usiku wa mwisho mwezi ulipatwa. Unaweza kudhani kwa mazingira hayo walipiga vizuri kuliko siku zote. Wapi! Kinanda hakikuwa kwenye sauti yake. Mpiga drams mmoja alikuwa ameumia kifundo cha mkono, anapiga kwa mkono mmoja. Walipanga kutoa albamu, waliposikiliza wakakata tamaa. Rekodi zikakaa miaka 30, zikatoka rasmi mwaka 2008.

Sasa kwa nini jamaa anaipenda? Kwa sababu ya Hamza El Din, Mnubi mpiga udi. Anaanza yeye na Wanubi wenzake, makofi na dafu tu, wanaimba kwa kuitikiana. Yaani ukiwa mtu wa pwani unakaa kitako mwenyewe, unajua upo nyumbani au jirani na nyumbani. Halafu polepole wale Wazungu wanaingia, mmoja mmoja. Gitaa linagusa kidogo, linarudi nyuma. Wageni wanabisha hodi kwanza. Jamaa anasema anapenda kusikia watu wenye vyombo vikubwa wakiingia kwa adabu kwenye mdundo wa watu wengine.

4. LONG ISLAND, NEW YORK, MACHI 29, 1990

Hii ni ya saksafoni. Branford Marsalis, mtu wa jazi, alialikwa apande. Hakuna mazoezi. Seti ya kwanza akapiga wimbo mmoja, wakaona huyu jamaa hapaswi kuondoka, wakambakiza seti ya pili.

Kuna wimbo wanauita "Eyes of the World". Sikiliza gitaa la Garcia linatoa kijineno kifupi, saksafoni inakidaka, inakirudisha kimebadilika, gitaa linacheka. Linacheka kweli, utasikia. Jamaa anasema hapo ndipo alipoelewa kwa nini wazee wa dansi walikuwa wanawatazama wapiga tarumbeta wakati wa chemko badala ya kutazama watu. Huwezi kujibu kama hujasikiliza.

Hii ndo rekodi anayompigia mtu asiyeijua bendi. Mke wake nayo ndo pekee anayoikubali. Anapikia.

3. VENETA, OREGON, AGOSTI 27, 1972

Shoo ya hisani, kusaidia kiwanda kidogo cha maziwa kilichokuwa hoi kifedha. Tiketi zilichapwa kwenye lebo za mtindi za kiwanda chenyewe. Uwanja wa wazi, hakuna kivuli, joto limepita nyuzi 38. Nyuzi za magitaa zinalegea kwa jua, kila baada ya nyimbo chache wanasimama kutafuta sauti. Unawasikia. Wanaomba radhi, wanatania, wanaendelea kukaza nyuzi.

Halafu wanapiga "Dark Star", dakika kama 30. Hii ndo ile inayowafanya washkaji wa kituo cha malori wamwone jamaa amechanganyikiwa. Kwa kweli dakika za kwanza unaweza usione kitu. Hakuna pa kushika. Mdundo unapotea, kinanda kinadondosha matone, besi inatembea na njia zake. Jamaa anasema usiisikilize kama wimbo. Isikilize kama jua linavyozama wakati unaendesha. Hakuna dakika moja utakayosema hapa ndo limezama, lakini ukishtuka ni giza na umewasha taa.

Filamu ya siku hiyo ilizunguka kwa mashabiki kwa njia za panya miaka na miaka, ikatoka rasmi mwaka 2013. Jamaa ameiona mara moja tu. Anasema kusikia kunamtosha, ukiona unaanza kuhesabu watu waliovua nguo.

2. CHUO KIKUU CHA CORNELL, MEI 8, 1977

Hapa ndipo mashabiki wanapogombana. Wengi wanasema hii ndo shoo bora kuliko zote, wengine wanasema imesifiwa mno. Ilifanyika Ithaca, jimbo la New York, kwenye ukumbi mkubwa wa mazoezi wa chuo. Mwezi wa tano, na bado usiku huo theluji ilidondoka nje. Rekodi yake imeingizwa kwenye hazina ya sauti ya taifa inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, kando ya hotuba za marais na sauti nyingine ambazo nchi imeamua zisipotee.

Lakini ilikuwa karibu ipotee. Aliyeirekodi ni mwanamke, Betty Cantor-Jackson, fundi mitambo, kipindi ambacho wanawake kwenye hiyo kazi walikuwa wa kuhesabu. Alirekodi shoo nyingi mno kwa ufundi wa hali ya juu. Maisha yakamgeukia, akashindwa kulipia stoo alipohifadhi vitu vyake, mwaka 1986 vikapigwa mnada. Kanda za shoo, zikauzwa kama unavyouza makochi ya mtu aliyeshindwa kodi. Bahati ziliwafikia watu waliojua ni nini, zikakopiwa, mashabiki wakagawana. Mpaka leo wanaziita kwa jina la huyo mama. Albamu rasmi ilikuja kutoka mwaka 2017, miaka 40 baada ya ule usiku.

Ukiiweka, seti ya pili inaanza na kitu cha ajabu: bendi inawaomba watu wa mbele warudi nyuma hatua moja, wanabanana. Wanaifanya iwe mchezo, warudi tena hatua nyingine. Kisha wanaingia kwenye nyimbo mbili zilizounganishwa, na pale katikati, zinapoungana, hujui ya kwanza imeisha saa ngapi. Mwishoni kuna "Morning Dew", wimbo wa mtu na mwenzake wanaongea baada ya dunia kuteketea. Gitaa linaanza chinichini, linapanda, linapanda, mpaka jamaa analazimika kupunguza mwendo wa lori. Hilo kalisema mwenyewe. Tani karibu 36 barabarani na machozi havipatani.

Basi kila anayeujua muziki huu angetegemea hiyo ndo iwe namba moja. Kwake siyo.

1. OAKLAND, CALIFORNIA, DESEMBA 15, 1986

Ukiwauliza mashabiki wenzake watakushangaa. Siyo shoo iliyopigwa vizuri kuliko nyingine. Lakini sikiliza ilivyokuja.

Julai ya mwaka huohuo, Garcia alianguka kwa kisukari. Akapoteza fahamu, siku kadhaa hajitambui. Alipozinduka, vidole havikukumbuka gitaa. Mtu aliyepiga zaidi ya miaka 20, mkono unashika chombo kama umepewa mzigo wa mtu mwingine. Rafiki yake mpiga kinanda, Merl Saunders, akawa anakaa naye, wanarudia nyimbo za kawaida taratibu, kodi kwa kodi, kama mtoto anayefundishwa kuandika jina lake. Ikumbukwe mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole cha kati pungufu tangu utotoni, alikatwa na shoka bahati mbaya wakati wanapasua kuni na kaka yake. Kwa hiyo ni mtu aliyeshazoea kupiga na kilichopo.

Desemba 15 akapanda tena jukwaani. Wimbo wa kwanza ukawa "Touch of Grey", unaozungumzia kuzeeka na kunusurika. Kwenye rekodi, kabla ya gitaa, unasikia watu. Si kelele za shangwe za kawaida. Ni kelele za watu waliokuwa wameshaanza kuandaa msiba, kisha marehemu akabisha hodi mwenyewe.

Sasa ndo uelewe kwa nini jamaa hii hajawahi kuimaliza akiwa anaendesha. Lazima aegeshe.

Mwaka 2003 baba yake alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ndo uliondoka, ule wa kubonyeza nyuzi. Jamaa alikuwa mdogo, shule ya msingi, lakini anakumbuka. Mzee alikuwa akikaa barazani jioni, anapakata gitaa, anaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, anauweka pale shingoni mwa gitaa kama mtu anayemkalisha mtoto kwenye kiti. Vidole vinakaa. Havibonyezi. Anasubiri. Kisha anaurudisha mapajani. Hakusema kitu, na hakuna aliyemsemesha. Baada ya miezi gitaa likatundikwa ukutani chumbani, na miaka sita mbele mzee akafariki. Hakuwepo mtu wa kukaa naye kodi kwa kodi. Bendi ilishasambaratika, kila mmoja na hamsini zake.

Kwa hiyo ile shoo ya Oakland, jamaa anasikiliza kitu ambacho kwao hakikutokea.

SEKUNDE 40

Bendi ya baba yake ilirekodi. Enzi zile ukitaka kurekodi, njia kubwa ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inasafiri, inaingia studio, inapiga nyimbo zake, inarudi. Wimbo wa redioni lazima uwe mfupi. Kati ya nyimbo walizopiga, jamaa amefanikiwa kupata mbili. Kwenye moja solo la baba yake linasikika vizuri. Amelipima kwa saa ya simu. Sekunde 40, halafu fundi anashusha sauti taratibu, wimbo unapotea.

Mama yake anasema ukumbini wimbo huohuo ulikuwa hauishi. Watu wanavua viatu. Mwenye ukumbi anakuja mpaka mbele ya jukwaa anaonyesha saa, wanamwimbia jina lake, anarudi zake kaunta kwa aibu. Mama anajua, maana hapo ndipo alipomjua huyo mpiga solo.

Hakuna aliyerekodi hata usiku mmoja. Kaseti zilikuwepo, redio kaseti zilikuwepo. Ilionekana haina haja, si watapiga tena Jumamosi ijayo?

Hilo ndilo linalomkaa jamaa kooni kila anapofungua yale maboksi mawili. Kuna mtu huko Marekani alisimama masaa matatu na maiki kwenye fimbo, hachezi, hapigi kelele ili asiharibu rekodi, kwa ajili ya watu asiowajua, na bure. Kwa ajili hiyo dereva wa lori kutoka Tanga anaweza kujua gitaa la Garcia lililegea nyuzi saa ngapi kwenye jua la Oregon mwaka 1972. Gitaa la baba yake mzazi analijua sekunde 40.

DESEMBA ILIYOPITA

Alirudi nyumbani likizo. Baba yake mdogo, aliyekuwa anapiga rizimu kwenye ileile bendi, bado yupo hai, na Jumapili jioni yeye na wazee wenzake watatu wanapiga kwenye baa moja ya mtaani. Wateja wachache, spika moja imepasuka. Vijana wakija wanarekodi sekunde 15 za kuweka stetasi, wanaondoka.

Jamaa alikuja na kinasa sauti kidogo na kipande cha bomba la maji. Akafunga kinasa juu ya bomba, akalisimamisha kwenye kreti la soda lililojazwa mchanga, mita chache mbele ya wazee.

"Shikamoo Baba Mdogo. Naomba nirekodi leo. Mwanzo mpaka mwisho."

"Marahaba mwanangu. Rekodi, ila nikikosea ukate."

"Sikati hata kidogo. Palepale unapokosea ndo napataka."

Mzee akamtazama kama anayemtazama mgonjwa, akacheka, wakaanza.

Walipiga masaa mawili na dakika kadhaa. Kwenye rekodi kuna pikipiki zinapita, kuna chupa inavunjika, kuna mtu anadai chenji yake kwa sauti kubwa kuliko mwimbaji. Katikati mpiga drams anapoteza mdundo kabisa, wote wanasimama, mmoja anasema uzee huu, wanaanza upya. Jamaa hakugusa kitu. Alikaa pembeni bila kupiga makofi.

Kisha wakaupiga ule wimbo. Ilipofika pale solo linapoanza, Baba Mdogo akasogea mbele, yeye mtu wa rizimu, akalipiga. Sekunde 40 zikafika, zile za redioni, noti kwa noti. Jamaa mwili ukamsisimka, maana masikio yake yameshazoea kwamba hapo sauti inashuka. Haikushuka. Mzee akaendelea. Dakika ya pili, ya tatu, ya tano. Besi ikaamka. Yule mdai chenji akanyamaza. Wanawake wawili wa jikoni wakatoka na vitambaa mikononi, wakaanza kucheza.

Walipomaliza jamaa akamfuata.

"Baba Mdogo, kile ulichopiga baada ya pale, ndo alichokuwa anapiga baba?"

Mzee alijifuta jasho muda mrefu.

"Kiasi. Alikuwa hapigi mara mbili sawasawa, baba yako. Nilikuwa nyuma yake miaka kumi, nimeshika nusu. Nusu nyingine ni yangu, nilikuwa nazibia nilipopasahau."

Usiku huo akamwekea mama yake hedifoni. Bi mkubwa alikaa kitandani, kanga kichwani, hajawahi kuvaa kitu kama hicho. Wimbo ulipofika pale, aliinua mkono kumzuia mtu yeyote asimsemeshe. Dakika ya tatu alicheka. Dakika ya nne akasema kwa sauti ya mtu aliyeziba masikio, "Hapo shemeji kadanganya. Baba yenu hapo alikuwa anashuka, hapandi." Akarudi kunyamaza. Ulipoisha akaomba urudishwe.

Faili zima jamaa kalituma kwenye grupu la familia, na kwa yeyote wa pale mtaani aliyelitaka. Jina la faili ni tarehe, mji na jina la baa. Sharti ni lilelile la mzee wa ndevu nyeupe. Usiuze.

Yupo barabarani sasa hivi, kurudi kwenye malori yake. Orodha yake ya tano bora bado ni tano. Ila mkewe anasema siku hizi kwenye lori kuna ya sita, haina namba, na ina pikipiki nyingi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu nyumbani nani anapiga, anaimba au anasimulia, na hakuna aliyewahi kumrekodi zaidi ya sekunde 15? Jumapili hii uko wapi?